Nilimchapa mwanangu kwa elfu ishirini iliyokuwa kwenye pindo la kanga yangu

MamaWatatu (mleta uzi)
Jumatano, saa 3:10 usiku

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na wenzetu wa Tumsifu Yesu Kristo, nanyi nawasalimu.

Jambo hili nimekaa nalo wiki mbili. Nimeona nililete humu kwa sababu wazazi tupo wengi, na huenda kuna mwenzangu yuko kwenye hali kama yangu na hana pa kusemea. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Ni mama wa watoto watatu, tunaishi Mbeya, nauza mchele na maharage sokoni. Wa kati ni wa kiume, ana miaka kumi na mmoja, yuko darasa la tano. Ni mtoto mkimya. Ukimtuma anaenda, ukimsema anainamisha kichwa. Kaka yake ukimgusa tu mtaa mzima utajua.

Alhamisi ndiyo siku yetu ya kikoba. Jumatano usiku, nimechoka, nikahesabu hela ya hisa, noti mbili za elfu kumi, nikaziweka. Asubuhi hazipo. Nikatafuta kwenye mkoba, chini ya godoro, kwenye kopo la majani ya chai ninakowekaga hela ndogo. Hamna. Muda unakwenda, mwenyekiti ameshapiga simu, na ukichelewa unapigwa faini. Ndipo nikakumbuka kwamba usiku huyu wa kati aliingia chumbani kuchukua chaja.

Nikamwita. "Hela yangu umeipeleka wapi?" Akasema, "Sijachukua mama." Nikamwambia nampa nafasi ya mwisho ya kusema ukweli. Akasema, "Sijachukua." Nikashika fimbo. Sitaeleza zaidi ya hapo, ila nilimwita mwizi mbele ya ndugu zake, na mpangaji mwenzetu alikuwa uani anasikia yote. Mtoto akaenda shule amechelewa. Mimi nikakopa kwa jirani, nikaenda kikoba, na kwa kuwa ilikuwa zamu yangu, nikafungua kikao kwa sala.

Jumamosi ni siku ya kufua. Huyu wa kati akimaliza nguo zake huwa ananisaidia na za kwangu, hata siku hiyo alisaidia. Nilikuwa jikoni nawasha mkaa. Akaja mlangoni, suruali ameikunja hadi magotini, povu hadi kwenye viwiko. Akanyoosha kiganja. Noti mbili zimekunjwa mara nne, zimelowa, zimegandana.

"Zilikuwa kwenye pindo la kanga, mama. Ile ya njano."

Akaziweka mezani, akazitenganisha polepole kwa ncha za vidole zisichanike, akazitandaza zikauke. Akarudi kwenye beseni. Hakusema neno lingine. Wapendwa, afadhali angesema.

Nikafanya kile tunachofanyaga wazazi. Jioni ile nikapika wali kwa nyama na haikuwa siku ya nyama, nikamwekea mnofu mkubwa. Jumapili tulipotoka ibadani nikamnunulia soda yeye peke yake. Akasema asante mama, akagawana na mdogo wake. Moyoni nikawa najiambia yamekwisha, ameelewa.

Usiku wa Jumapili hiyo nikafungua Luka 15 nikitaka kusoma habari za mwana mpotevu. Kabla sijafika huko macho yakakwama mstari wa 8: "Au kuna mwanamke gani mwenye shilingi kumi, akipotewa na moja, asiyewasha taa na kufagia nyumba, na kuitafuta kwa bidii hata aione?"

Mstari huu naujua tangu shule ya Jumapili, na siku zote nilikuwa naupita haraka niwahi hadithi kubwa. Usiku ule haukunipitisha. Mwanamke, nyumbani kwake, hela imepotea. Na haikuwa hela ndogo, ile shilingi, yaani drakma yao ya Kigiriki, ilikaribia ujira wa kibarua wa siku nzima, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kuchanganyikiwa. Bwana Yesu anataja alichofanya: aliwasha taa, akafagia, akatafuta kwa bidii. Hakuna mahali alipomwita mtu na kumuuliza umeipeleka wapi. Ilipoonekana akawaita rafiki zake na jirani zake wafurahi naye. Jirani yangu mimi alichosikia kutoka kwangu ni mwanangu akiitwa mwizi.

Mimi sikuwasha taa. Nilianza na fimbo.

Jumatatu jioni alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, nikamwambia: "Baba, nilikuchapa kwa kosa ambalo hukulifanya. Nilikuita mwizi. Nimekukosea, naomba unisamehe." Akaendelea kuchambua. Akatoa jiwe akaliweka pembeni. Akatoa lingine. Nikajua hatajibu. Kisha akasema, bila kuniangalia: "Nilishakusamehe mama. Lakini waambie na wao."

Wao ni kaka yake, mdogo wake, na yule mpangaji.

Watoto niliwaambia usiku uleule kwenye sala ya jioni. Kwa mpangaji ndiko kulikokuwa kugumu. Nilisimama mlangoni kwake na bakuli la mchele mkononi nisiende mikono mitupu, nikasema: yale uliyoyasikia siku ile nilimsingizia mwanangu, hela niliifunga mwenyewe kwenye kanga. Akasema haya, hakuna shida. Nikarudi ndani miguu inatetemeka.

Mume wangu hakufurahi. Anasema mzazi akianza kuomba radhi kwa mtoto, mtoto atampanda kichwani. Hatujagombana, namheshimu, ila kwenye hili sijakubaliana naye. Kwenu mnafanyaje? Mzazi anamwomba mtoto msamaha, au anatubu kwa Mungu wake yanaishia hapo?

Mkulima_Njombe
saa 3:42 usiku

Dada pole sana. Ila mimi nasimama na shemeji. Mithali 13:24, "Yeye asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe." Sisi tulichapwa kwa makosa yetu na ya wenzetu, na leo ni watu. Mzazi akikosea Mungu anamwona, atatubu chumbani kwake. Ukimpa mtoto nafasi ya kukusamehe umempa kiti chako akikalie. Nyama uliyompikia ilitosha, mtoto wa Kiafrika anaelewa lugha hiyo.

Dada_wa_Kwaya
saa 3:50 usiku

"Waambie na wao." Nimelia. Miaka kumi na mmoja!

Mwl_wa_Jumapili
saa 4:15 usiku

Mama, asante kwa kuandika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na Jumapili nafundisha watoto kanisani, kwa hiyo suala la fimbo naliona pande zote mbili.

Mkulima, kaka yangu, angalia jambo hili. Huku kwetu Tanzania kiboko shuleni kinaruhusiwa, lakini kwa kanuni. Anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na kuna kitabu ambamo unaandika jina la mtoto, kosa lake na idadi ya viboko. Sisemi kwamba kanuni hiyo inafuatwa kila mahali, wote tunajua hali ilivyo. Ila mimi ile kuandika tu kosa imeniokoa mara nyingi. Unashika kalamu, unafika kwenye safu ya kosa, unagundua huna cha kuandika. Unajua umekasirika, lakini kosa la mtoto hulijui. Nyumbani hatuna kitabu cha kutusimamisha hivyo.

Halafu kuna Mathayo 5:23-24, ukileta sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende ukapatane naye kwanza. Mwaka jana niliwafundisha watoto mistari hii. Binti wa miaka tisa akanyoosha mkono: "Mwalimu, na mtoto wako naye ni ndugu yako?" Nikamjibu ndiyo, katika Kristo naye ni ndugu. Akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa mbona baba anatoaga sadaka kila Jumapili?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nikawaambia tuimbe. Nyumbani kwa binti yule sijui kulikuwa na nini, na mpaka leo najilaumu sikumuuliza baada ya kipindi.

Mchunga_Mbuzi
saa 4:31 usiku

Naongezea kwa Mkulima kuhusu fimbo. Nimekulia Singida, nimechunga mbuzi miaka saba kabla na baada ya kuanza shule. Fimbo haikuwahi kutoka mkononi, unalala nayo. Mniulize ilifanya kazi gani. Kumzuia mbuzi asiingie kwenye uwele wa watu, unaitanguliza mbele yake tu anageuka. Kuua nyoka. Kupima kina cha maji korongoni kabla hawajavuka. Na kiangazi majani yakiisha, unapiga matawi ya mgunga, yale matunda yake yanadondoka, mbuzi wanakula, wanakuja mbio wakisikia tu mlio wa fimbo. Kumpiga mbuzi mwenyewe ilitokea, na baba akikuta alama kwenye ngozi ulikuwa na kesi.

Daudi alikuwa mchungaji kabla ya kuwa mfalme. Aliposema "gongo lako na fimbo yako vyanifariji" alikuwa anaijua fimbo ya namna hii. Kwa hiyo Mithali 13 naikubali yote, ila mimi nikiona neno fimbo namwona mbuzi anayeikimbilia.

Fundi_Cherehani
Alhamisi, saa 11:20 alfajiri

Nimeusoma uzi huu nikiwa bado kwenye cherehani, mwezi wa kwanza sisi washona sare hatulali. Kila mzazi anayeleta kitambaa ana ombi moja: fundi, acha upindo mkubwa, ataongezeka huyu.

Kuna mstari mmoja ambao mahubiri huupita na mimi kwa kazi yangu siwezi kuupita. 1 Samweli 2:19. Hana alimpeleka Samweli Shilo baada ya kumwachisha kunyonya, akawa anamwona mara moja kwa mwaka wanapokwea kutoa dhabihu. Na kila mwaka alimfanyizia kanzu ndogo akampelekea. Mimi swali langu ni la kifundi: alipimaje? Mtoto hayuko. Tepu huwezi kumzungushia. Maana yake kabla ya kukata kitambaa alikaa akamwaza mwanawe, mabega sasa yatakuwa yamefika hapa, mikono hapa. Mwaka unaofuata anaanza upya. Watu wanakumbuka jinsi Hana alivyolia akiomba mtoto. Mimi kukisia kwake kule kila mwaka nako nakuona ni sala.

Nasema hivi kwa sababu ya binti yangu. Mama yake alitangulia mbele za haki, binti anaishi kwa bibi yake Tabora. Krismasi ya mwaka juzi nilimshonea gauni la rangi ya samawati, nikajisifu nalo. Vipimo nilivyotumia vilikuwa kwenye daftari langu, vya mwaka uliotangulia. Nilipokwenda Pasaka nikamkuta amelivaa. Kwapani limechanika pande zote mbili, amelishona mwenyewe kwa mkono, nyuzi nyeusi. Bibi yake akaniambia lilimbana tangu siku ya kwanza ila alikataa kunipigia simu aniambie, baba atasikitika.

Nikamwita nikamwambia, "Samahani mwanangu. Nilimshonea mtoto wa mwaka jana." Akacheka, akanikumbatia. Nilimpima pale pale kwa kamba ya katani maana tepu sikubeba.

Mama Watatu, wewe mwenyewe umeandika kwamba huyo ni mtoto mkimya, ukimtuma anaenda. Ulikuwa unamjua. Asubuhi ile hasira ilikuletea mtoto mwingine usiyemjua, ukamchapa yule, na viboko vikaangukia kwa huyu. Mimi naona ulipokaa kwenye kigoda ndipo ulipochukua vipimo upya.

MamaWatatu (mleta uzi)
saa 1:05 asubuhi

Fundi, Mungu akubariki na akutunzie binti. Nimesoma mara tatu. Naenda sokoni, nitajibu wote jioni.

Mwana_wa_Nakuru
saa 2:30 asubuhi

Niko Kenya. Hapa kwetu kiboko shuleni kilipigwa marufuku tangu 2001 lakini manyumbani ni yale yale. Babangu ni mzee wa kanisa. Hajawahi kuniomba msamaha na nina miaka thelathini na minne. Niko na swali kwa mama: na kama kijana wako angesema hapana, sikusamehi, ungefanya nini?

Mama_Kichanga
saa 5:48 asubuhi

Mimi sina uzoefu, mwanangu ndiye wa kwanza, ana mwaka mmoja na miezi tisa. Nimemwachisha ziwa mwezi huu. Mama mkwe alinipa shubiri nipake. Usiku wa kwanza alionja, akakunja uso, akaniangalia. Ule mtazamo sitausahau, kama ananiuliza na wewe tena? Alilia mpaka saa tisa. Usiku wa pili hivyo hivyo. Na kinachonishangaza ni kwamba wakati wote analia, baba yake akimchukua anakataa, anajirusha anarudi kwangu. Anamkimbilia yule yule aliyemnyima.

Usiku wa nne alikuja akalaza kichwa kifuani, hakutafuta ziwa. Akalala tu. Nikakumbuka Zaburi 131, "kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Ni zaburi ya mistari mitatu tu, na miaka yote nilidhani inamsema mtoto mchanga aliyeshiba maziwa. Kumbe ni huyu aliyekwisha kulia, amekubali, amekuja kwa ajili ya mama mwenyewe. Nimekuwa nikimwendea Mungu kama mtoto wa usiku wa kwanza, namtafuta kwa sababu ya kitu.

Nimeandika hapa kwa sababu ya zile noti. Mtoto alipozikuta angeweza kuziacha kwenye maji zichakae, au ampe kaka yake azilete. Akazileta mwenyewe kwenye mkono ule ule uliomchapa.

Mjukuu_wa_Bibi
saa 10:15 jioni

Jamani, bibi yangu ana miaka themanini na moja, nilimsomea uzi wote huu tangu mwanzo. Amesema niandike, na nisibadilishe. Naandika alivyosema.

"Nilipokuwa msichana baba yangu alinipiga kwa sababu ndama alifunguka usiku akanyonya maziwa yote. Aliyefunga ndama ni kaka yangu. Baba alikuja kujua baadaye, kaka alikiri. Baba hakusema kitu. Siku ya tatu mama alichinja kuku. Mnajua firigisi ni ya baba, hakuna mwingine anayeigusa. Baba akaitoa kwenye bakuli lake, akaiweka kwenye sahani yangu mbele ya wote. Mama akashtuka. Mimi nikaila.

Baba amekufa miaka mingi. Namheshimu. Najua firigisi ile ilikuwa na maneno ndani yake. Lakini sijui ni maneno gani. Pengine ilikuwa ni nisamehe. Pengine ilikuwa ni usilie tena. Pengine alikuwa ameshiba. Nimezaa watoto saba, nimezika wawili, na bado siku nyingine nikiwa peke yangu nauliza ile firigisi ilisema nini.

Huyo mama amesema kwa mdomo. Mtoto wake hatabaki anauliza. Na huyo kijana wa Kenya mwambieni mtoto akikataa kusamehe, mzazi asikasirike tena, maana akikasirika alikuwa hajaomba, alikuwa anaamuru. Angoje. Mimi nimengoja zaidi."

Mwisho wa maneno ya bibi. Alipomaliza akaniomba maji, akaenda kulala saa kumi jioni, si kawaida yake.

Dada_wa_Kwaya
saa 10:40 jioni

Bibi shikamoo. Shikamoo sana.

MamaWatatu (mleta uzi)
Ijumaa, saa 2:25 usiku

Mwambieni bibi shikamoo, na kwamba nilimsomea mwanangu maneno yake. Akauliza ndama alikuwa na rangi gani.

Mwana wa Nakuru, angenikatalia ningeumia, na sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikwenda nikitegemea ndiyo. Nadhani bibi amekujibu vizuri kuliko mimi. Ninachoweza kuongeza ni kwamba sharti la mwanangu la kuwaambia na wengine lilinionyesha kosa lenyewe. Mimi nilihesabu viboko. Yeye aliumizwa na jina. Kumbe jina nililompa lilibaki kwa watu wengine, kwangu peke yangu lisingefutika.

Mkulima, umenipa kazi ya kusoma. Nimetafuta kwenye Biblia nione mzazi anayekosewa kweli au kudhani amekosewa anavyofanya. Nimefika Luka 2. Yesu ana miaka kumi na miwili, mwaka mmoja tu zaidi ya wangu. Wazazi wametembea mwendo wa kutwa wakidhani yuko msafarani, wakarudi Yerusalemu, wakamwona baada ya siku tatu. Siku tatu! Mimi dakika ishirini za kutafuta hela zilinitosha kushika fimbo. Maria alipomwona akasema, "Mwanangu, mbona umetutenda hivi? Tazama, baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta kwa huzuni." Anaanza na mwanangu. Halafu anauliza. Halafu anamwambia mtoto alivyoumia. Na jibu alilopewa hawakulielewa, Luka anasema hivyo wazi, lakini Maria akayaweka yote moyoni. Hakulazimisha kuelewa siku ile ile. Na mtoto akashuka nao Nazareti, akawa anawatii. Hakuna aliyempanda mwenzake kichwani.

Kuhusu mume wangu. Anausoma uzi huu, amenikubalia niandike hili. Jana jioni alikuwa anatafuta bisibisi atengeneze redio. Akaanza, "Nani kachu..." Akanyamaza. Akatoa simu, akawasha tochi, akapiga magoti, akaanza kumulika chini ya kochi. Yule mdogo akamuuliza baba unatafuta nini, akamwambia. Dakika mbili baadaye watoto wote watatu walikuwa chini wanamsaidia, yule wa kati ndiye aliyeshika tochi. Bisibisi haijaonekana mpaka sasa hivi ninavyoandika.

Mkulima_Njombe
Jumapili, saa 4:02 usiku

Nimesoma yote tangu siku ile. Sikutaka kuandika tena.

Kijana wangu wa kwanza alifeli kidato cha nne. Matokeo yalipotoka mwaka 2017 nilimwambia asilale kwangu. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika hapa. Akalala kwa mjomba wake siku mbili, akapanda basi la Dar. Sasa ana mke na mtoto, mjukuu wangu namwona kwenye picha. Mama yake humtumia hela kila mwezi. Mimi hunitumia salamu.

Kila mwaka mchungaji akihubiri mwana mpotevu mimi najiweka kwa yule baba. Najiambia nangoja, siku moja mwanangu atazingatia moyoni mwake arudi, nitamchinjia. Alhamisi niliposoma maneno ya bibi sikulala. Nikawasha taa nikaisoma sura ile upya. Yule baba hakumfukuza mtu. Mwana ndiye aliyetaka urithi, akakusanya vitu vyake akaondoka. Kwangu mlango niliufunga mimi. Miaka yote hii nimekaa kwenye kiti ambacho si changu.

Leo baada ya ibada nimempigia. Hakupokea. Nimepiga tena saa mbili usiku, hakupokea. Kesho nitapiga saa kumi na mbili na nusu kabla hajaingia kazini. Naomba mniombee.

Mchunga_Mbuzi
saa 4:09 usiku

Tuko nawe mzee.

MamaWatatu (mleta uzi)
saa 4:15 usiku

Kaka, watoto bado hawajalala. Tunakutaja sasa hivi. Ukimpata tuambie, na usipompata tuambie pia.

Mkulima_Njombe
Jumatatu, saa 1:20 asubuhi

Amepokea. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakayosema, nikayasoma yote mpaka mwisho, maana sauti ilikuwa inanikataa. Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Nilikuwa nasikia honi za magari na mtu anauza maji. Kisha akaniuliza, "Baba, mahindi mwaka huu yamefika wapi?"

Nikamwambia yamefika magotini, ila ya bondeni yameingiliwa na viwavi. Akasema nisinunue dawa kwanza, ataulizia bei huko Dar, atanipigia jioni.